Mafuta Yanayofuta Habari za Jiwe

Mashamba ya Ohio, Marekani, yakishalimwa na mvua ikaosha matuta, wapo watu wanaoyapita mstari kwa mstari, macho chini. Wanatafuta vyembe, yaani vichwa vya mishale na mikuki vilivyochongwa kwa mawe na wenyeji wa bara hilo, vingine maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika. Jimbo hilo lina machimbo ya kale ya Flint Ridge, maarufu kwa jiwe la gumegume la rangi nyingi: jekundu, la manjano, la buluu, jeupe. Likiwa limelowa hupendeza mno, likikauka hupauka.

Hapo ndipo chupa ya mafuta inapotolewa. Wapo wakusanyaji wanaokisugua chembe kwa sabuni na mswaki, kisha wakakipaka mafuta ya watoto mpaka king'are. Uso wa gumegume la kale umejaa vishimo vidogo mno kuonekana kwa macho. Mwanga ukifika hapo hutawanyika, rangi ikaonekana hafifu. Mafuta huvijaza vishimo hivyo, na rangi hurudi.

Lakini uso huo uliopauka ndio unaobeba ushahidi.

Mei 2008, mafundi wa bustani waliokuwa wakichimba kwenye nyumba moja mjini Boulder, Colorado, walisikia chepeo limegonga kitu kigumu. Karibu nusu mita chini ya ardhi yalikuwamo mawe 83 yaliyochongwa, yamefungamana mahali padogo kama boksi la viatu. Mwanaakiolojia Douglas Bamforth wa Chuo Kikuu cha Colorado aliyachunguza, akayakadiria kuwa na umri wa miaka 13,000 hivi. Vipimo vya maabara vilionyesha protini za damu kwenye vipande vichache: ya ngamia, farasi, kondoo na dubu. Ngamia na farasi wa kale wa Amerika Kaskazini walitoweka mwishoni mwa Enzi ya Barafu. Wapo wataalamu wanaotilia shaka vipimo vya damu ya kale namna hiyo, kwa kuwa protini huharibika kadiri miaka inavyopita. Hata hivyo, jiwe likishasuguliwa kwa sabuni na kupakwa mafuta, huenda kusibaki cha kupima wala cha kubishania.

Afrika nayo ina mfano wake. Katika pango la Sibudu, KwaZulu-Natal, vipande vya mawe vya miaka ipatayo 64,000 vilikutwa na mabaki ya damu, mfupa na gundi ya mimea. Mwaka 2010 watafiti Marlize Lombard na Laurel Phillipson walitumia alama hizo kujenga hoja kwamba watu wa huko walikuwa tayari wakitumia upinde na mshale.

Madhara hayaishii maabara. Mafuta ya kupikia huchacha, hugeuka manjano na kunasa vumbi. Brashi ya waya huacha michirizi ya chuma. Siki huyeyusha ganda la chokaa, nalo ni mojawapo ya dalili zinazosaidia kutofautisha chembe cha kale na cha bandia kilichochongwa juzi. Kwa hiyo anayeng'arisha jiwe ili lipate bei anaweza kumtia mnunuzi wasiwasi.

Kinachofaa ni kidogo tu. Chembe kilichookotwa juu ya shamba lililolimwa huoshwa kwa maji matupu na mswaki laini, kikaanikwa kivulini. Kilichotoka ardhini pasipovurugwa kiachwe na udongo wake, kiwekwe kwenye mfuko safi. Katika ardhi ya serikali kuu ya Marekani, kuchimba vitu vya kale bila kibali ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1979.

Kilichopatikana kihalali katika shamba la mtu binafsi kinastahili kwanza kalamu: mahali kilipookotwa, tarehe, na vitu vilivyokuwa jirani yake. Majimbo mengi yana ofisi zinazohifadhi kumbukumbu za maeneo ya kale, na mtu anaweza kutoa taarifa huko huku jiwe likibaki mikononi mwake.