KUFUATILIA DHORUBA KALI NA KUTATHMINI ATHARI ZAKE: KUTOKA SAPIWI HADI VISIWANI

Mambo ya hali ya hewa ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Kwa sababu hiyo, sheha wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, na mtendaji wa Kata ya Sapiwi, Wilaya ya Bariadi katika Mkoa wa Simiyu, hutegemea chombo kimoja kupata taarifa za tahadhari, nacho ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Rangi za tahadhari ni zile zile na maneno ni yale yale. Hata hivyo, mbingu zilizo juu ya watumishi hao wawili si za namna moja. Yule wa Makunduchi anaweza kuambiwa siku tatu kabla kuwa upepo mkali unakuja kutoka baharini. Yule wa Sapiwi huenda akapata saa moja, au pungufu ya hapo, tangu wingu lianze kukusanyika hadi mabati yaanze kung'oka.

Makala haya yanaeleza sababu za tofauti hiyo, jinsi dhoruba za aina zote mbili zinavyofuatiliwa, na mambo yanayopasa kufanywa baada ya dhoruba kupita.

MAANA YA MANENO

Katika mazungumzo ya kila siku neno "kimbunga" hutumika kwa kila upepo mkali. Kwa watumishi wanaoandika taarifa, ni muhimu kutofautisha mambo matatu.

Kwanza, kimbunga cha bahari ni mzunguko mkubwa wa upepo na mawingu, wenye upana wa mamia ya kilomita, unaozaliwa juu ya bahari yenye joto na kuishi kwa siku nyingi. Pili, dhoruba ya radi ni wingu moja au kundi la mawingu marefu yanayoleta ngurumo, mvua kubwa, mvua ya mawe na upepo wa ghafla, na aghalabu humalizika kwa saa chache. Tatu, chamchela, au kisulisuli kikali, ni nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi, iliyoning'inia kutoka katika wingu la radi na kugusa ardhi. Upana wake kwa kawaida ni mita chache hadi mamia ya mita tu, na njia yake huweza kuharibu nyumba moja na kuiacha ya jirani ikiwa salama.

KIMBUNGA CHA BAHARI

Ili kimbunga kizaliwe, maji ya juu ya bahari huhitaji joto la nyuzi 26 hadi 27 za Selsiasi au zaidi, na mzunguko wa dunia uwe na nguvu ya kutosha kuupindisha upepo. Nguvu hiyo ni dhaifu mno karibu na Ikweta, ndiyo maana vimbunga ni nadra sana ndani ya nyuzi 5 za latitudo. Pemba ipo takriban kwenye nyuzi 5 kusini, na Unguja kwenye nyuzi 6. Aidha, kisiwa cha Madagaska huzuia au kugeuza vimbunga vingi vinavyotoka mashariki. Visiwa hivi basi vimekaa ukingoni mwa eneo la hatari, lakini si nje yake.

Ushahidi upo. Tarehe 15 Aprili 1872, katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja. Merikebu za Sultani na majahazi mengi yaliyokuwa bandarini yaliangamia, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hasara ya siku moja iligeuza uchumi wa kizazi kizima, na tangu wakati huo Pemba ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkubwa wa karafuu. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile ya 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi na kuua watu.

Karne hii dalili zimerejea. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazija na kuingia kaskazini mwa Msumbiji, karibu na mpaka wa Mtwara. Mwezi Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania lakini kikafifia kabla ya kuleta madhara makubwa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimepungukiwa nguvu. Pamoja na kupungua huko, mvua zake zilisababisha mafuriko Kilwa, na barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga.

Matukio yote haya yametokea Aprili na mwanzoni mwa Mei, wakati wa masika, kaskazi inapokwisha na kusi inapoanza, kipindi ambacho mabaharia hukiita maleleji. Msimu rasmi wa vimbunga katika Kusini-Magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Hidaya ilikuja baada ya msimu huo. Kwa hiyo si sahihi kuidharau taarifa kwa hoja kwamba "msimu umekwisha".

Ufuatiliaji wa kimbunga cha bahari huanza angani. Setilaiti hupiga picha za mawingu usiku na mchana, na kituo cha kanda kilichopo kisiwa cha Reunion hukadiria kitovu, kasi ya upepo na mwelekeo. Majina hutolewa na vituo vya Moritius na Madagaska kutoka katika orodha iliyokubaliwa na nchi za kanda. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huchukua makadirio hayo na kuyafasiri kwa ajili ya mikoa, bandari na vyombo vya baharini. Njia ya kimbunga inayochorwa kwenye ramani ni makadirio, na upana wa makosa huongezeka kwa kila siku ya mbele. Kitovu kikipita mbali na kisiwa, mvua na mawimbi bado huweza kukifikia.

DHORUBA YA RADI

Kata ya Sapiwi haina bahari. Ipo kusini-mashariki mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ya mashamba ya pamba na mahindi na malisho ya ng'ombe, katika wilaya iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Mchana jua huichoma ardhi, na hewa nyevu hupanda kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Hewa hiyo ikikutana na upepo unaovuma kutoka mashariki, hulazimika kupaa. Wingu hukua kwa urefu wa zaidi ya kilomita 10 katika muda mfupi. Usiku hali hugeuka, kwani hewa ya nchi kavu huteremka kuelekea ziwani, na dhoruba hukusanyika juu ya maji, jambo linalowagharimu maisha wavuvi.

Wingu la namna hiyo likielemewa na mvua na barafu, hewa baridi huporomoka kutoka ndani yake na kutawanyika ardhini kwa kishindo. Upepo huo wa kuporomoka ndio unaoezua mapaa mengi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na mara nyingi wananchi huuita kimbunga.

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 dhoruba yenye mvua ya mawe na upepo mkali iliipiga Mwakata, Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Zaidi ya watu 40 walifariki. Wengi walikuwa ndani ya nyumba za tope zilizolowa na kuwaangukia wakiwa wamelala. Hapakuwa na kitovu cha kufuatwa kwa siku tatu, wala jina lililotolewa kabla. Upepo na barafu vilileta pigo, lakini ukuta ndio ulioua.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya msingi. Rada ya hali ya hewa iliyopo Mwanza huweza kuliona wingu la radi likikua na kuonesha linakoelekea, lakini muda unaopatikana huhesabiwa kwa dakika. Tahadhari ya namna hiyo humfaa mtu aliyekwisha jitayarisha, yaani aliyefunga paa lake kwa nondo au waya hadi kwenye ukuta, aliyechimba mtaro wa kuondoa maji kwenye msingi, na anayejua jengo imara lililo karibu ni lipi.

MLIPUKO WA CHAMCHELA NA SOMO LAKE

Katika Afrika Mashariki chamchela kali ni nadra, kwa kuwa upepo wa juu karibu na Ikweta kwa kawaida hautofautiani vya kutosha na ule wa chini kuweza kulizungusha wingu. Nchini Marekani hali ni nyingine. Tarehe 3 na 4 Aprili 1974 zilihesabiwa chamchela 148 katika majimbo 13 pamoja na sehemu ya Kanada, na zaidi ya watu 300 waliuawa.

Baada ya maafa hayo mtaalamu Tetsuya Theodore Fujita, aliyekuwa ameweka kipimo cha ukali wa chamchela mwaka 1971, aliruka kwa ndege juu ya maeneo yaliyoharibiwa. Hakuwa na chombo kilichopima upepo ndani ya chamchela, alisoma mabaki. Katika baadhi ya sehemu miti ilikuwa imelala kwa mzunguko. Katika nyingine ilikuwa imelala kama miale ya nyota, ikielekea nje kutoka katika sehemu moja. Hizi za pili hazikuwa kazi ya chamchela bali ya upepo wa kuporomoka, na ugunduzi huo baadaye uliokoa ndege nyingi.

Somo kwa watumishi ni kwamba mabaki ni ushahidi, na ushahidi huo huondoka haraka.

BAADA YA DHORUBA

Kazi ya kwanza ni uokozi na afya: kutafuta waliofukiwa, kuzuia watu kukaribia nyaya za umeme zilizoanguka na kuhakikisha maji ya kunywa ni salama. Ikumbukwe kuwa utulivu wa ghafla katikati ya kimbunga cha bahari huweza kuwa ni kitovu kinachopita, na upepo hurudi kutoka upande wa pili. Wananchi wasitoke hadi itangazwe kuwa hatari imekwisha.

Kazi ya pili ni tathmini. Kabla ya miti kukatwa na mabati kukusanywa, inafaa yaandikwe: saa upepo ulipoanza na ulipokoma, upande ulikotoka, upande ilikolala miti, ukubwa wa mawe ya mvua, nyumba zilizoanguka na vifaa vilivyojengewa, na idadi ya walioumia au kufariki na mahali walipokuwa. Nyumba zilizosalimika nazo ziandikwe, kwani ndizo zinazoonesha ujenzi unaofaa. Orodha ya waathirika isomwe hadharani mbele ya wakaazi, ili anayestahiki msaada asiachwe na asiyestahiki asiingizwe.

Kazi ya tatu ni kurejesha bila kurudia kosa. Paa lililoezuliwa likirudishwa kwa misumari ile ile na kwenye ukuta ule ule, limerudishwa kungoja upepo mwengine.

RANGI ZA TAHADHARI

Taarifa za Mamlaka hutumia rangi tatu za hatari. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Watumishi wa Serikali wanakumbushwa kuwa taarifa iliyofika ofisini na kubaki juu ya meza haijatolewa. Kwa upande wa Visiwani, siku mbili au tatu zinazopatikana zitumike kuvuta vyombo pwani, kuahirisha safari na kuwaarifu wavuvi walio dago. Kwa ndugu wa Sapiwi na mahali kama hapo, matayarisho yafanyike wakati wa kiangazi, mbingu zikiwa safi, kwa sababu wingu likishaonekana muda uliobaki ni wa kuingia mahali salama tu.