Je, Wajua? Simu Yapima Shamba

Je, wajua kuwa simu ya mkononi inaweza kupima mpaka wa shamba? Kijiji cha Ilalasimba, Wilaya ya Iringa, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza Tanzania kujaribu programu ya simu iitwayo MAST. Waliofundishwa kuitumia ni vijana wa kijijini humo humo. Kijana huzunguka shamba pamoja na mmiliki na majirani. Wakifika kwenye kona, pengine penye mnyaa wa tangu enzi za babu, hukubaliana kwanza, ndipo kona hurekodiwa kwa satelaiti. Uzuri wake hasa uko hapo: ubishi wa mpaka humalizwa papo hapo, mashahidi wakiwa wamesimama juu ya udongo wenyewe.

Malisho, msitu na vyanzo vya maji, hata hivyo, havitengwi na simu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaoidhinisha ardhi ipi ibaki ya wote. Basi ukiitishwa, nenda. Na shamba likishapimwa, wewe mama, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye hati ya hakimiliki ya kimila.