Lugha ya Maumivu: Funzo kwa Wanagenzi wa Tiba

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yamwafiki mgonjwa wa maumivu sugu, yaani maumivu yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Aghalabu maumivu hayo hayana jeraha la kuonyesha wala picha ya eksirei ya kuyathibitisha. Ushahidi mkuu ni maneno ya mgonjwa. Makala haya yananuia kueleza kwa nini mafunzo ya madaktari, wauguzi na maafisa wa kliniki yanapaswa kuyapa maneno hayo uzito.

Niliwahi kumpeleka nyanya yangu, anayeugua kisukari, hospitalini. Daktari mwanagenzi alimuuliza, kwa adabu, "Nyanya, maumivu yako ni mangapi kati ya sifuri na kumi?" Nyanya akamtazama, kisha akajibu, "Mjukuu wangu, maumivu hayahesabiwi kama mbuzi. Nyayo zanichoma kama nimekanyaga makaa, halafu zinakufa ganzi." Mwanagenzi aliandika "maumivu ya miguu" na kumpa parasetamoli.

Kumbe jibu lilikuwa limekwisha kutolewa! Kuchoma pamoja na kufa ganzi ni dalili za maumivu ya neva, ambayo huwapata wagonjwa wengi wa kisukari. Parasetamoli haiyatulizi ipasavyo. Huhitaji dawa za aina nyingine, kama vile amitriptilini. Kichwa kinachopwita, tumbo linalosokota na kifua kinachobana ni mambo matatu tofauti. Anayeyatia yote katika kapu moja la "maumivu" hupoteza njia ya kuyatambua.

Umuhimu wa msamiati huu si jambo geni. Mnamo 1975, Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alichapisha hojaji yenye maneno 78 ya Kiingereza yaelezayo maumivu, aliyoyapanga katika makundi 20. Hata hivyo, kutafsiri orodha kama hiyo hakutoshi, kwani sarufi yetu ina mantiki yake. Katika sentensi "mguu unaniuma", kiungo ndicho kiima na mgonjwa ni yambwa: yeye ni mtendwa wa mwili wake. Kwa hivyo, swali "Mguu unakufanyaje?" huzaa maelezo mengi kuliko "Unaumwa kiasi gani?"

Nchini Kenya, wanagenzi wa tiba hufunzwa kwa Kiingereza ilhali wagonjwa wengi hujieleza kwa Kiswahili au lugha za mama. Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili na vitivo vya tiba zishirikiane kukusanya msamiati wa maumivu kutoka kwa wagonjwa wenyewe. Pili, wanagenzi wajizoeze kwa maigizo: mmoja awe mgonjwa, mwingine asikilize bila kumkatiza, kisha asimulie alichosikia. Tatu, wafunzwe kumsadiki mgonjwa. Fasili ya maumivu iliyorekebishwa mwaka 2020 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Maumivu inasisitiza kwamba kauli ya mtu kuwa anaumwa iheshimiwe. Aidha, inatukumbusha kuwa asiyeweza kusema pia huumwa.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza tamathali inabeba nini. Makaa ya nyanya hayakuwa pambo la lugha. Yalikuwa utambuzi wa ugonjwa. Tukiwafunza wenzetu wa tiba kuisikia tashbihi, huenda mgonjwa akapata usingizi.