Ifekti za Ndani au Plagini za Kununua: Pesa ya Studio Iende Wapi?

Kama unafungua studio ndogo Kolandoto na umebakiwa na laki moja na nusu au laki mbili, usianze kwa kununua plagini. Ifekti zinazokuja ndani ya programu ya kurekodia zinatosha kutoa wimbo wa kwaya, wa bongo fleva au wa ngoma za Kisukuma ambao mteja ataulipia. Plagini inunuliwe baadaye, moja tu, kwa sababu unayoweza kuitaja.

Ifekti za ndani

Karibu kila programu ya kurekodia huja na ikwalaiza, kompresa, geti la kuzuia kelele na mwangwi. Kazi kubwa ya studio ya mtaani inaishia hapo. Kwa sauti ya mwimbaji, kata masafa ya chini ya hezi 80 hadi 100 kwa ikwalaiza ili kuondoa mtetemo wa feni na jenereta. Manju anayesogea karibu na maiki kisha akarudi nyuma, mtulize kwa kompresa. Kwaya ipe mwangwi kidogo. Hakuna hata moja ya kazi hizo inayokulazimu kununua kitu kingine.

Chukua mfano wa REAPER. Leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, na inamruhusu hata mwenye biashara ambaye mapato yake ya mwaka hayazidi dola 20,000. Dola tukiikadiria kwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 150,000. Unaijaribu siku 60 bila kulipa, na leseni inakufikisha hadi mwisho wa toleo kubwa linalofuata. Ndani yake kuna hata kifaa cha kunyoosha sauti iliyopotoka. Si kitamu kama vile vya gharama, lakini kwa mwimbaji anayekosea kidogo kinafaa.

Plagini za bure

Kabla ya kutoa hela, jaribu za bure. TDR Nova ni ikwalaiza nzuri, MAutoPitch hunyoosha sauti, na Valhalla Supermassive hutoa mwangwi mkubwa na mrefu. Gharama ya plagini hizi ni bando la kupakulia na muda wa kujifunza. Angalia ukubwa wa faili kwanza, na pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, si mahali pengine.

Plagini za kulipia

Hapa bei iliyoandikwa si bei utakayolipa. Plagini ya mwangwi ya dola 50 ni shilingi 125,000. Tangu 2022 sheria inawataka wauzaji wa nje wa huduma za kidijitali kutoza VAT. Ikiongezwa asilimia 18 unafika 147,500. Bado hujahesabu makato ya kadi na ya kubadili shilingi kuwa dola. Ukitoza shilingi 30,000 kwa wimbo, hapo umetoa karibu nyimbo tano kwa ajili ya mwangwi ambao tayari unao.

Za kukodi kwa mwezi ndizo zinazodanganya zaidi. Dola 10 kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni shilingi 300,000. Siku ukikosa kulipa, plagini inafungwa na nyimbo ulizozitengeneza nayo hazifunguki zilivyokuwa. Masharti nayo hubadilika: Machi 2023 kampuni ya Waves ilitangaza kwamba itauza kwa usajili tu, wateja wakapiga kelele, na ndani ya siku chache ikarudisha mauzo ya kawaida. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: leseni ni ya kudumu au ya mwezi? Inaruhusu kompyuta ngapi? Inahitaji intaneti au kifaa cha USB ili ifunguke?

Kompyuta nayo ina bei yake. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 hubeba ifekti za ndani bila shida kubwa, lakini plagini nzito tatu au nne zinaweza kuifanya ikwame katikati ya kurekodi. Ukilazimika kununua RAM, hiyo nayo ni gharama ya plagini.

Jambo jingine ni mteja anayehama. Msanii anarekodi kwako, kisha anapeleka kazi Kahama, Geita au Mwanza ikamaliziwe. Studio ya huko ikiwa na programu kama yako, ifekti za ndani zitafunguka. Plagini uliyonunua wewe haitakuwepo. Ukiitumia, hifadhi sauti hiyo kama faili la WAV ikiwa na ifekti yake.

Za kraki zinazozunguka kwenye flashi, ziache. Nyingi hubeba virusi, na kirusi kimoja kinaweza kufuta kazi za wateja wa mwaka mzima. Tena Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inayolinda nyimbo za wasanii wako inalinda pia programu za kompyuta.

Mpangilio wa matumizi

Ukiwa na laki moja na nusu: lipia leseni ya programu, au endelea na muda wa majaribio na pesa iende kwenye maiki kama uliyonayo ni mbovu. Ikibaki kidogo: mablanketi mazito na magodoro ukutani. Chumba chenye bati tupu kinarudisha sauti kila upande, na hakuna plagini ya bei yoyote itakayoliondoa hilo vizuri.

Ukiwa na laki tatu na wateja wanaorudi: sasa fikiria plagini moja. Kwa wengi itakuwa ya kunyoosha sauti, kwa sababu vijana wa bongo fleva wanaiomba kwa jina, na hapo ndipo ifekti za ndani huzidiwa waziwazi. Chagua ya leseni ya kudumu.

Usilipe kabla ya kuijaribu. Wauzaji wengi hutoa muda wa majaribio. Tengeneza wimbo mmoja mara mbili, kwa ifekti za ndani na kwa plagini, umpigie mteja kwenye simu na kwenye spika ya bluetooth, bila kumwambia ipi ni ipi. Asipotofautisha, pesa yako ibaki mfukoni.