Kuku Mzima wa Kuchoma: Aive Hadi Mfupani, Jiko Libaki Nje

Sikukuu zikikaribia, au mgeni akipiga hodi Jumapili, nyumba nyingi katika kaunti yetu huwasha jiko la mkaa na kumchoma kuku mzima. Ni chakula cha heshima na hakihitaji vyombo vya gharama. Hata hivyo, makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuku aliyeungua nje huku nyama iliyo karibu na mfupa ikiwa bado mbichi. La pili ni kuliingiza jiko ndani ya nyumba, ama kwa sababu ya mvua, ama kwa ajili ya kuota moto baada ya kula. Kosa la kwanza huleta kuhara na kutapika. La pili huua watu wakiwa usingizini.

Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kumtia kuku viungo na kumchoma, ili awe mtamu na kila aliyekula aamke salama.

KUMNUNUA KUKU

Nunua kuku mzima wa afya, au nyama kutoka kwa muuzaji mwenye leseni anayeihifadhi kwenye baridi. Nyama safi haina harufu kali, haitelezi mkononi na haina madoa ya kijani. Usinunue wala usile kuku aliyekufa mwenyewe, hata ukiuziwa kwa bei ya chini. Ugonjwa wa kideri unapoingia kijijini, kuku wagonjwa huuzwa haraka haraka. Kuku wako wakianza kufa kwa wingi, mjulishe afisa wa mifugo wa wadi yako, na mizoga izikwe kwenye shimo refu au ichomwe.

Kuku wa broila wa kilo 1.3 hadi 1.5 ndiye anayefaa zaidi kuchomwa mzima. Kuku mkubwa zaidi huungua nje kabla ya kuiva ndani. Kuku wa kienyeji ana njia yake, tutakayoieleza mbele.

Kama kuku amegandishwa, mtoe kwenye friza siku moja kabla na umweke sehemu ya chini ya friji ayeyuke. Usimwache juani au juu ya meza kutwa nzima. Ukiwa na haraka, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji, umzamishe katika maji baridi, na ubadilishe maji hayo kila baada ya dakika 30.

JE, KUKU AOSHWE?

Wengi wetu tumelelewa tukiona kuku akioshwa chini ya mfereji. Tatizo ni kwamba nyama mbichi ya kuku mara nyingi hubeba bakteria kama vile salmonela. Maji ya mfereji huwarusha bakteria hao kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo kando. Kinachowaua ni moto, si maji.

Kuku aliyenunuliwa akiwa amesafishwa tayari hahitaji kuoshwa tena. Mpanguse kwa karatasi ya jikoni, kisha uitupe. Kuku uliyemchinja na kumnyonyoa nyumbani ataoshwa, lakini fanya hivyo taratibu ndani ya karai, mbali na vyakula vingine. Baada ya hapo, osha karai, kisu na ubao kwa maji ya moto na sabuni, nawe unawe mikono kwa sabuni kwa sekunde 20. Kisu na ubao uliotumia kwa nyama mbichi visikate nyanya wala vitunguu kabla ya kuoshwa.

MPASUE MGONGO

Kuku aliyeachwa kama alivyo ana umbo la mviringo, na moto wa jiko hutoka upande mmoja tu. Ndiyo maana kidari hukauka na paja likabaki na damu. Dawa yake ni kumfungua awe bapa.

Mlaze kifudifudi, kidari kikiwa chini. Kwa kisu kikali au mkasi wa jikoni, kata kando ya uti wa mgongo, upande huu na huu, kuanzia mkiani hadi shingoni, kisha uutoe. Utafaa kwa supu. Mgeuze kuku, umfungue kama kitabu, na ukandamize kidari kwa kiganja mpaka alale sawasawa. Chanja kila paja mara mbili au tatu hadi karibu na mfupa. Michanjo hiyo huingiza viungo na joto mahali panapochelewa kuiva.

VIUNGO

Kwa kuku wa kilo 1.5, tayarisha:

- vijiko 3 vidogo vya chumvi, bila kurundika
- punje 6 za kitunguu saumu, zilizopondwa
- kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, kilichopondwa
- kijiko 1 kidogo cha pilipili manga
- kijiko 1 kidogo cha manjano
- kijiko 1 kidogo cha bizari nyembamba
- maji ya malimau 2
- vijiko 3 vikubwa vya mafuta ya kupikia
- pilipili kali, kwa wanaoipenda

Kama nyumbani kuna mtu mwenye shinikizo la damu, punguza chumvi hadi nusu na uongeze limau na kitunguu saumu. Ukitumia unga wa viungo wa dukani, soma pakiti kwanza, kwa kuwa nyingi tayari zina chumvi.

Changanya viungo vyote. Kabla ya kugusa nyama, tenga vijiko 3 vikubwa vya mchanganyiko huo katika bakuli safi. Hivyo ndivyo utakavyompaka kuku mwishoni. Mchanganyiko uliokwisha kugusa nyama mbichi usipakwe kwenye kuku aliyeiva. Paka uliobaki kuku mzima, ukiingiza chini ya ngozi na ndani ya michanjo.

Mwenye friji amwache kuku humo, akiwa amefunikwa, kwa saa 2 hadi 4. Ukitaka kumwacha usiku kucha, mpake chumvi na viungo vikavu tu, na limau uliongeze asubuhi. Limau likikaa sana huifanya nyama iwe kama imepondeka. Asiye na friji amfunike kuku, amweke mahali penye ubaridi kwa dakika 30 hadi saa moja, kisha amchome. Nyama mbichi isikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na siku ya joto kali isipite saa moja.

KUWASHA MOTO

Jiko liwe nje, mahali tambarare, mbali na nyasi kavu, nguo zilizoanikwa na ukuta wa mbao. Weka ndoo ya maji au mchanga karibu.

Usiwashe mkaa kwa mifuko ya plastiki, na usimwagie mafuta ya taa jiko lililokwisha kushika moto. Moto unaweza kuruka hadi mkononi, na moshi wa plastiki una sumu. Tumia vijiti vikavu na karatasi. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zisitumike.

Subiri dakika 20 hadi 30 mpaka makaa yavikwe jivu jeupe na ndimi za moto ziishe. Nyama huiva kwa joto la makaa. Ndimi za moto huiunguza tu. Kisha sukuma makaa mengi upande mmoja, upande wa pili ubaki na machache sana. Kama jiko lako ni dogo, panga makaa pembeni kuzunguka jiko na uache katikati wazi.

Ili kupima joto, weka kiganja juu ya wavu kwa umbali wa shubiri moja, kisha uhesabu taratibu. Ukilazimika kuondoa mkono kabla ya kufika 3, moto ni mkali mno. Ukifika 5 au 6, moto unafaa.

KUCHOMA

Paka wavu mafuta kidogo. Mweke kuku upande wenye makaa machache, mifupa ikitazama chini na mapaja yakielekea upande wenye moto. Mfunike kwa sufuria pana iliyopinduliwa au kwa karai la bati. Kifuniko hicho huzungusha joto juu ya nyama, na jiko la kawaida likafanya kazi kama oveni.

Mwache kwa dakika 25 hadi 30, kisha mgeuze. Mgeuze tena kila baada ya dakika 10. Kuku wa kilo 1.5 aliyepasuliwa huchukua dakika 45 hadi 60. Makaa yakipungua, ongeza yaliyokwisha kuwaka kutoka jiko la pili, si mkaa mbichi wenye moshi.

Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, msogeze kuku pembeni mpaka utulie. Nyama iliyoungua ikawa nyeusi ina kemikali zinazohusishwa na saratani, kwa hiyo ikate uitupe. Asali au sukari huungua upesi, basi ipake katika dakika 10 za mwisho pekee. Wakati huo ndipo unapopaka pia mchanganyiko uliotenga. Ndugu zetu wa Pwani humpaka tui zito la nazi lililopikwa na viungo, akawa kuku wa kupaka. Dakika 5 za mwisho, mweke juu ya makaa mengi, ngozi ikiwa chini, ili ikauke na kupata rangi.

Kuku wa kienyeji aliyekomaa achemshwe kwanza kwa maji kidogo, chumvi, kitunguu na tangawizi mpaka nyama ilainike, jambo linaloweza kuchukua saa moja au zaidi. Kisha apakwe viungo na achomwe dakika 15 hadi 20. Mtoe kwenye chungu umpeleke wavuni moja kwa moja. Usimchemshe nusu leo ili umalizie kesho.

UTAJUAJE AMEIVA?

Rangi ya ngozi haitoshi. Njia ya uhakika ni kipimajoto cha nyama. Kichome sehemu nene ya paja, bila kugusa mfupa, kisha upime pia kidari. Kote kisome angalau nyuzi 74 za Selsiasi.

Kama huna kipimajoto, angalia dalili hizi tatu kwa pamoja: paja linazunguka kwa urahisi kwenye kiungo, maji yanayotoka ni angavu, na nyama ya ndani ya paja si ya waridi wala haitelezi. Dalili moja ikikosekana, mrudishe jikoni kwa dakika 10. Mgeni akisubiri kidogo haharibikiwi na kitu.

Akiiva, mweke kwenye sinia safi, si lile lililobeba nyama mbichi. Mpumzishe dakika 10 kabla ya kukata. Mabaki yasikae mezani zaidi ya saa 2. Yaweke kwenye friji, yaliwe ndani ya siku 3, na yapashwe moto hadi yatoe mvuke kote. Asiye na friji apike kuku anayetosha mlo mmoja.

JIKO LISIINGIE NDANI

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Makaa yanayoonekana kukaribia kuzimika bado yanaitoa. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Usichomee kuku ndani ya nyumba, na usiingize jiko chumbani kuota moto, hasa katika baridi ya Juni na Julai.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu na usingizi mzito. Watu kadhaa wa nyumba moja wakizipata kwa pamoja, watoeni wote nje kwenye hewa safi mara moja, kisha mpige simu 999 au 112.

Ukimaliza kuchoma, mwagia makaa maji taratibu ukiwa umesimama kando ya mvuke. Jivu lisitupwe kwenye pipa la plastiki likiwa na moto, na watoto wasikaribie jiko mpaka lipoe kabisa.

MTU AKIUGUA BAADA YA KULA

Kuhara, kutapika, homa na maumivu ya tumbo vinaweza kuanza saa chache baada ya kula, au hata baada ya siku kadhaa. Mpe mgonjwa vinywaji kwa wingi, ikiwemo dawa ya ORS iliyochanganywa katika maji safi. Mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa akihara damu, akishindwa kubakiza maji tumboni, au akilegea. Usisubiri kabisa iwapo mgonjwa ni mtoto mdogo, mjamzito au mzee.

HUDUMA ZA KAUNTI

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, utoaji wa leseni kwa wanaouzia umma chakula, vichinjio na huduma za mifugo ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Ukiona nyama inauzwa katika hali chafu, au ukishuku kuku wagonjwa wanauzwa sokoni, ripoti kwa afisa wa afya ya umma au afisa wa mifugo katika ofisi ya wadi yako. Taarifa yako inaweza kuikinga nyumba usiyoijua.