Ngoro za Umatengo na Uhai Uliomo Udongoni

Ufikapo mwezi wa Machi, wakulima wa milima ya Umatengo, wilayani Mbinga katika mkoa wa Ruvuma, hufyeka nyasi ndefu za miteremkoni na kuziacha zinyauke. Kisha wanaume huzipanga chini kwa mistari inayokatana, hata ikafanyika miraba yenye upana wa mita moja na nusu hadi mbili na nusu. Ndipo wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo. Kazi ikiisha, mlima mzima huwa na mashimo yaliyozungukwa na matuta, mfano wa sega la nyuki. Kilimo hicho huitwa ngoro, nao Wamatengo wamekitumia kwa zaidi ya miaka 100.

Sifa ya ngoro ijulikanayo zaidi ni kuzuia mmomonyoko, kwa kuwa maji ya mvua hutuama mashimoni badala ya kuteremka na udongo. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili imefukiwa ndani ya tuta.

Kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye rutuba huweza kuwa na bakteria mamilioni mia kadhaa, pamoja na nyuzi za kuvu zisizoonekana kwa macho. Mchwa na minyoo hukatakata mabaki ya mimea; kuvu na bakteria huyamalizia, na katika kuyala huziachia mizizi virutubisho vilivyokuwa vimefungwa ndani yake. Viumbe hao, kama mifugo, huhitaji hewa, maji na chakula. Mkulima achomaye mabua baada ya mavuno hupata jivu lenye potasi na chokaa kidogo, na msimu wa kwanza huweza kuona faida. Lakini sehemu kubwa ya naitrojeni huwa imekwenda na moshi, na viumbe wa udongoni wamenyimwa posho yao.

Hata hivyo, kufukia nyasi kuna masharti yake. Nyasi kavu zina kaboni nyingi na naitrojeni haba. Katika mabua ya mahindi, kwa mfano, kaboni huizidi naitrojeni mara 60 hivi, hali mwili wa bakteria huhitaji sehemu moja ya naitrojeni kwa kila sehemu nane hivi za kaboni. Pengo hilo hujazwa kwa naitrojeni iliyomo udongoni. Mahindi yaliyopandwa wakati huo hugeuka manjano, na mkulima hudhani kwamba mabaki yameliharibu shamba. Kumbe naitrojeni imekopwa tu. Itarudi vijidudu hao wafapo na kuoza.

Utaratibu wa Umatengo hulikwepa tatizo hilo. Zao la kwanza kupandwa juu ya matuta mapya ni maharage, ambayo mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wa kutwaa naitrojeni hewani. (Maharage si hodari wa kazi hiyo kama kunde, lakini hayategemei udongo peke yake kama mahindi.) Mahindi husubiri hadi Novemba au Desemba, nyasi zikiwa zimeoza kwa miezi minane hivi.

Majira hayo yana faida nyingine. Katika miaka ya 1950 mtaalamu H. F. Birch, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga nchini Kenya, alionyesha kwamba udongo uliokauka upatapo maji tena, vijidudu vyake huamka kwa kishindo na kufungua naitrojeni nyingi kwa siku chache. Naitrojeni hiyo ikikosa mizizi ya kuipokea, mvua zifuatazo huizamisha kina kisichofikiwa. Mahindi yachelewayo kupandwa huikosa.

Desturi nyingine za shambani zina athari zake pia. Kulima mara kwa mara huingiza hewa na kuharakisha kuoza kwa mboji, tena hukata nyuzi za kuvu zipelekazo fosforasi mizizini. Bakteria waigeuzao mbolea ya salfeti ya amonia kuwa naitreti huacha asidi, na asidi ikizidi hudhoofisha wale wa vinundu vya maharage. Katika mashamba ya kahawa, shaba itokanayo na mrututu na dawa za jamii yake haiozi. Hurundikana mwaka hata mwaka, na minyoo haiwezi kuivumilia.

Ngoro nayo ina udhaifu wake, kwani hutegemea nyasi. Shamba lisipopumzishwa, nyasi ndefu hupungua na kinachofukiwa ni magugu machache. Kwa mtu apitaye barabarani mashimo huonekana yaleyale, na maji huendelea kutuama humo. Lakini ndani ya tuta vijidudu hawana cha kula, na mahindi ya mwaka wa pili hudumaa.