Dari ya Bisi: Pambo Lililozaliwa na Haraka

Je, wajua kwamba dari zenye vinundu zilizojaa katika nyumba za zamani za Marekani na Kanada ziliwekwa ili kuficha kazi ambayo fundi hakuimaliza? Ingia katika ghorofa lililojengwa miaka ya 1960 au 1970 huko Minneapolis, Columbus au Toronto, miji ambayo ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo wamehamia, kisha inua macho. Utaona uso mweupe uliofifia, umejaa vinundu vidogo visivyolingana, kama bisi zilizomwagwa zikagandia juu. Wenyeji huiita dari ya bisi. Kwa miaka mingi ilikuwa fasheni. Leo wenye nyumba wengi wanataka kuibandua, na ndiyo maana inafaa kuijua vizuri kabla ya mtu kupanda ngazi.

Zamani nyumba za huko zilipigwa plasta juu ya fito nyembamba za mbao. Fundi alipaka tabaka tatu, na kila moja lilisubiriwa likauke, kwa hiyo chumba kimoja kilikula majuma. Mwaka 1894 Augustine Sackett alipata hataza ya ubao uliotengenezwa kwa jipsamu na karatasi, na ubao wa aina hiyo ulipoboreshwa ndio uliozaa jipsamu bodi tunazozijua hata sisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari walirudi nyumbani, familia zikaongezeka, na nyumba zikahitajika kwa maelfu na kwa haraka. Bodi za futi 4 kwa 8 zikawa jibu: unapiga misumari, unahamia chumba kinachofuata.

Tatizo likabaki kwenye maungio. Kati ya bodi na bodi pana ufa, na kila kichwa cha msumari ni shimo dogo. Ili uso uwe laini, fundi hubandika utepe wa karatasi kwenye ufa, hupaka puti mara tatu, kila mara akiitandaza pana zaidi, hungoja ikauke, kisha hupiga msasa. Kwenye ukuta, kosa dogo linaweza kufichwa na kabati au pazia. Kwenye dari hakuna cha kulifunika. Tena mwanga wa dirishani hupita juu ya dari kwa mlazo, karibu sambamba nayo, kiasi kwamba hata mwinuko wa milimita moja hutupa kivuli kirefu. Fundi aliyelipua kazi huumbuka kila asubuhi jua linapochomoza.

Hapo ndipo mashine ya kupulizia ilipoingia. Mchanganyiko mzito ulimiminwa kwenye chombo kilichounganishwa na kompresa, fundi akapulizia chumba kizima, kesho yake akaondoka. Vinundu vilitupa maelfu ya vivuli vyake, na kivuli kimoja cha ufa kikapotea humo. Wauzaji wakaongeza sifa nyingine: dari hii inapunguza kelele. Sifa hiyo ina ukweli wake, kwa maana uso wenye vishimo hupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini hauzuii sana vishindo vya jirani anayeishi ghorofa ya juu.

Ndani ya mchanganyiko huo kulikuwa na unga wa chokaa au jipsamu, wanga wa kugandishia, na chembe za kutengeneza vinundu. Chembe hizo zilikuwa ama za plastiki nyepesi ama za vamikulaiti, madini yanayotutumka yakichomwa moto. Katika dari nyingi za zama hizo kiliongezwa kitu cha nne, asbesto. Ni nyepesi, haiungui, haiozi, na nyuzi zake hushikilia mchanganyiko usidondoke. Kwa mhandisi wa wakati ule ilikuwa zawadi kutoka ardhini. Nyingi ilikuwa ile nyeupe, krisotile, ambayo Kanada ilikuwa mchimbaji wake mkubwa katika jimbo la Quebec, hadi mji mmoja ukaitwa Asbestos. Mwaka 2020 mji huo ulibadilishwa jina, ukawa Val-des-Sources.

Hata vamikulaiti yenyewe haikuwa salama. Kuanzia 1919 hadi 1990, zaidi ya asilimia 70 ya vamikulaiti iliyouzwa Marekani ilitoka katika mgodi mmoja karibu na mji mdogo wa Libby, jimboni Montana, na mwamba wake ulichanganyika kiasili na asbesto ya aina nyingine. Wachimbaji waliugua, wake zao waliofua nguo za kazi waliugua, na watoto waliocheza kwenye marundo ya mabaki waliugua. Mwaka 2009 EPA, wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia mazingira, ulitangaza hali ya dharura ya afya ya umma katika mji huo.

Asbesto inaua namna gani? Si sumu inayoyeyuka na kuingia kwenye damu. Ni uzi. Ukisaga madini mengine unapata vumbi la chembe, lakini asbesto hupasuka kwa urefu na kutoa nyuzi nyembamba zaidi na zaidi, ambazo jicho haliwezi kuziona zikiwa peke yake. Nyuzi hizo huelea hewani kwa saa nyingi. Ukizivuta hufika ndani kabisa ya mapafu, na seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza uchafu hushindwa kuumeza uzi mrefu kuliko zenyewe. Hapo huanza uvimbe usiokoma, makovu, na kwa wengine saratani. Mwaka 1960 mtafiti J. C. Wagner na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, wengi wao wa eneo la migodi ya asbesto ya Rasi ya Kaskazini, waliopata mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Walikuwa wameishi tu karibu nao. Ugonjwa huo mara nyingi hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi, na kwa hiyo kijana anayekwangua dari leo huenda asisikie hata kikohozi.

Sheria ilifuata polepole mno. Mwaka 1973 Marekani ilipiga marufuku kupulizia asbesto majengoni kwa ajili ya kuzuia moto na joto. Pambo lilisubiri hadi 1978. Isitoshe, mali iliyokuwa tayari kwenye maghala iliendelea kutumika, kwa hiyo nyumba ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 nayo inaweza kuwa na dari yenye asbesto. Kwa upande mwingine, zipo dari za 1965 zisizo nayo hata chembe. Macho hayatofautishi. Mwaka wa ujenzi hautoshi, na neno la jirani halitoshi kabisa. Kinachojua ni maabara peke yake.

Sampuli huchukuliwa hivi. Watu wengine hutoka chumbani, feni na mitambo ya hewa huzimwa, nailoni hutandikwa chini, na mchukuaji huvaa barakoa maalumu ya kuchuja nyuzi, maana ile ya kitambaa haisaidii. Hurushia maji kidogo yenye tone la sabuni ya vyombo mpaka sehemu ndogo ilowe, hukwangua kipande kidogo, hukitia kwenye mfuko unaofungika, hupangusa mahali pale kwa kitambaa kibichi na kupaziba. Sampuli hutolewa sehemu zaidi ya moja, kwa sababu mchanganyiko haukuwa sawa kila mahali. Kule maabara hutazamwa kwa hadubini yenye mwanga wa kipekee unaozitambulisha nyuzi za asbesto kwa namna zinavyoupinda. Ikizidi asilimia 1, sheria ya Marekani huihesabu kuwa nyenzo ya asbesto.

Majibu yakija na asbesto, kuna njia mbili za busara, na kukwangua mwenyewe si mojawapo. Dari iliyo nzima, isiyodondoka na isiyoguswaguswa, inaweza kuachwa ilivyo, kwa kuwa nyuzi zilizoshikwa na kutulia hazimdhuru mtu. Ama huitwa mafundi wenye leseni, waifunike kwa bodi mpya au waiondoe huku chumba kimefungwa pande zote na hewa ikivutwa kupitia vichujio. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi ni adui hapa: hukusanya vumbi kubwa na kuzipulizia nyuzi nyumba nzima.

Majibu yakija safi, kazi ni ya maji. Kigandisho ni wanga, na wanga hulainika ukilowa. Fundi huanza na kipande kidogo, hukirushia maji na kungoja kama dakika 15. Kisha husukuma skrepa pana, ya sentimita 15 hadi 25, karibu ilale kwenye dari. Ikiwa imelowa sawasawa, ile bisi huja kwa mkanda mzito, laini, ukianguka kwenye nailoni bila vumbi. Ikiwa bado kavu hukwaruza na kutimka. Ikizidi maji, karatasi ya bodi iliyo chini hulegea na kuchanika. Mafundi wazoefu hupiga tupa pembe za skrepa ziwe mviringo ili zisichimbe. Dari iliyowahi kupakwa rangi ya mafuta ni balaa: maji hayapenyi. Hapo ni heri kuifunika kwa bodi nyembamba kuliko kupigana nayo, na kama rangi ni ya kabla ya 1978 nayo ipimwe risasi.

Wengi hudhani kazi imeisha bisi inapodondoka. Kwa kweli ndipo inapoanza, kwa sababu dari iliyo wazi sasa inaonyesha yote yaliyofichwa: tepe zilizoachia, misumari iliyochomoza, maungio yaliyopakwa mara moja badala ya tatu. Fundi wa leo analazimika kumalizia kazi ya fundi wa 1968. Hukaza misumari, hubandika tepe upya, hupaka puti, kisha hupiga skimingi dari nzima, kazi ileile ambayo mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaifanya kila siku. Kipimo chake ni taa moja ya mkononi. Zima taa zote, iweke ile pembeni karibu na dari ili mwanga upite kwa mlazo, na kila bonde na kila mstari wa skrepa utajitokeza. Weka alama kwa penseli, rudia puti, rudia msasa. Mwisho praima, na rangi isiyong'aa, maana rangi inayong'aa hulitangaza kila kosa. Kwangu mimi hatua hii ya taa ndiyo inayomtenga fundi na mlipuaji, popote duniani.

Uingereza ina ndugu wa dari hii, Artex, iliyochorwa duara na mawimbi kwa brashi na kitana. Nayo ilikuwa na asbesto nyeupe hadi miaka ya 1980, na nchi hiyo ilipiga marufuku asbesto zote mwaka 1999. Kwetu dari za bisi ni nadra, lakini madini yaleyale yako juu ya vichwa vyetu katika mabati ya asbesto yaliyoezekwa shule, hospitali na nyumba za watumishi. Rwanda imeweka mpango wa kitaifa wa kuyaondoa, chini ya mamlaka yake ya makazi. Mabati hayo nayo, ukiyavunja kwa nyundo au kuyakata kwa msumeno, ndipo nyuzi zinapotoka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una nyumba ya zamani Marekani au Kanada, au una kijana wako aliyeajiriwa huko katika ukarabati, mpigie simu leo. Mwambie asiinue skrepa kwenye dari ya bisi kabla hajaoneshwa karatasi ya maabara. Bosi akikataa kuionesha, na aikatae hiyo kazi.